Jina Nililompa Mchawi

Katika hadithi niliyoiandika, mchawi nilimpa jina la kale ambalo nilidhani halina mwenyewe tena: Kokubanza. Hadithi ikazunguka WhatsApp mpaka Bweranyange, ukweni kwangu.

Jumapili nilipokwenda, Mama Anitha, mama wa mchumba wangu, aliwagawia wageni wote kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa za kumkaribisha mgeni, mimi akaniruka. Nikaanza kuwatazama mmoja mmoja. Nani kanichongea?

"Jina la yule mchawi ulilitoa wapi?" baba mkwe akauliza.

Na mimi na domo langu! "Nililichagua mwenyewe, baba. Nilitaka jina la kutisha, watoto wakilisikia wakimbie."

Anitha akafunika uso kwa kanga.

Ndipo mama mkwe akanisogezea kahawa. "Tafuna, mwanangu. Kokubanza ni mimi, na hii nimeichemsha kwa mkono wangu."