Siku Niliyopeleka Jani la Isale Benki

Jamani, kisa hiki mtakisikia tu kwa watu wa jumuiya yetu, ambao kila mmoja anakisimulia kwa namna yake na wote wanacheka mahali pale pale, kwa hiyo afadhali nikisimulie mwenyewe, aibu ikiwa bado yangu. Mimi, mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu niliyefundisha somo la dini hadi nikawafundisha watoto wa wanafunzi wangu, niliingia benki mjini Moshi nikiwa na mashahidi tisa na jani kavu, kwenda kumthibitishia afisa mikopo kwamba benki hainidai. Namshukuru Mungu niko hai kusimulia, maana kuna dakika pale nilitamani ardhi ipasuke.

Mambo yalianza kwa Anaeli, mtoto wa marehemu kaka yangu. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, akiomba huulizi sana. Alikuwa akiongoza watalii mlimani, akataka gari lake mwenyewe la kubebea wageni, basi akaja Rau kuniomba hati ya nyumba aiweke dhamana. Mjue kwamba kihamba cha baba kule Uru, pamoja na migomba na kahawa yake, kiko kwa mdogo wangu wa mwisho kama desturi yetu ilivyo, na mimi nyumba hii ya Rau, niliyoijenga chumba kimoja kimoja kwa mshahara wa ualimu, ndiyo pekee niliyo nayo duniani.

"Baba mdogo," akaniambia, "mkopo ni wa jina langu, marejesho nalipa mimi. Nyumba inabaki kwenye jina lako. Wewe unaniazima karatasi tu."

Hilo neno karatasi lilinituliza. Nikaomba, nikajisikia amani (siku hizi najiuliza kama ilikuwa amani au uvivu wa kusoma), na kwa kuwa nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani mpaka mwenzi aridhie, tukaenda benki mimi na mke wangu, Mama Aikande, tukatia sahihi wote wawili. Maandiko yanaonya waziwazi kuhusu kuwawekea watu wengine dhamana, na mistari hiyo nimeifundisha mimi mwenyewe, kwa sauti, ubaoni.

Mwaka wa kwanza Anaeli alilipa vizuri. Mwaka wa pili injini ya gari ikafa, akaanza kuruka miezi, na aibu ilipomzidi akamtuma mzee wa ukoo kwangu na jani la isale. Asiye wa huku ajue kwamba isale ni ule mmea tunaopanda mipakani, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema yamekwisha, nikaliweka ndani ya Biblia. Kwangu mimi yalikuwa yamekwisha kweli.

Kumbe. Barua ya kwanza ya benki ikaja, na juu yake jina langu. Ningeweza kumpelekea mtu anieleze, lakini hapo ndipo nilipofanya kile kitendo kidogo kilichozaa mengine yote: nilichukua kalamu nyekundu (mazoea ya ualimu ni ugonjwa), nikapiga mstari chini ya jina langu, na pembeni nikaandika, "Mdaiwa ni Anaeli. Rudieni fomu yenu." Nikairudisha. Ya pili ikaja, nayo nikaisahihisha hivyo hivyo, na Mama Aikande aliponiuliza barua zinasema nini nikamjibu ni mambo ya ofisi tu.

Basi Jumamosi moja asubuhi jumuiya ilikuwa imekutana kwangu, nami naongoza maombi, nikasikia kitu kinakwaruza getini. Nikasema amina kabla ya wakati, nikatoka, wote wakanifuata. Kijana wa dalali alikuwa na ndoo ya gundi anabandika tangazo la mnada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekosea nyumba. Soma jina la mwenye mkopo!"

"La mwenye mkopo nimelisoma, mzee. Na la mwenye nyumba nimelisoma pia. Ninayoipigia mnada ni nyumba." Akalainisha pembe za tangazo kwa kiganja, taratibu, kama anayefunika kitanda.

Ningenyamaza hapo ningeokoa nusu ya heshima yangu. Lakini watu wa jumuiya walikuwa wananiangalia, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kudaiwa hata kibiriti, basi nikapaza sauti: "Jumatatu tunakwenda wote benki, mkashuhudie wenyewe wanavyomwonea mzee!"

Wakaja kweli. Tisa, bajaji tatu, wakinamama na vilemba vya Jumapili, na mbele yetu rafiki yangu Ndesario, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ambaye hajui kuongea kwa sauti ya chini kwa sababu ng'ombe wake ni wakaidi. Afisa mikopo alikuwa dada wa makamo, mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole. Akatusalimia shikamoo mmoja mmoja mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.

Nikasimama, nikafungua Biblia, nikatoa jani. "Mwanangu," nikamwambia, "suala hili tulilimaliza. Kijana aliomba msamaha kwa desturi, nikampa. Ushahidi huu hapa."

Yule dada akaliangalia jani, akaniangalia mimi. "Baba, hili ni jani la nini?"

"Isale!" wakamjibu kwa pamoja watu tisa.

Akaelezwa. Akasikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima, kisha akasema, "Nimeelewa, baba. Wewe umemsamehe Anaeli, na umefanya vema. Ila benki haijaletewa jani." Mtu kwenye foleni akacheka hadi akakohoa.

Yule dada akafungua faili, akaweka mezani barua zangu mbili zenye wino mwekundu. "Hizi ndizo notisi za kisheria, baba. Ulizisahihisha." Kisha akanieleza polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tatu. Mkopo ni wa Anaeli, yeye ndiye wa kulipa. Nyumba ni yangu, lakini nimeisimamisha nyuma ya mkopo wake kwa sahihi yangu, na Anaeli asipolipa benki haina haja ya kuhoji kama pesa niliila mimi, inaiendea nyumba. Jina kuwa tofauti hakuiondoi nyumba kwenye rehani. Na hata nikilipa mimi, gari halitakuwa langu, nitabaki mtu wa kumdai mwanangu.

Nikalirudisha jani ndani ya Biblia. Ndipo Ndesario, ambaye huniita meku, yaani mzee, akapaza sauti kutoka mlangoni: "Meku, mke! Mke hakuelezwa! Mama Aikande, sema hukuelezwa, mkataba unakufa!"

Ukumbi mzima ukamgeukia mke wangu. Nami, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nilitamani aseme hivyo. Kwa neno moja la uongo nyumba ingeweza kupona.

Mama Aikande akaweka mkoba wake magotini. "Nilielezwa," akasema. "Siku ile ile, hapa hapa, neno kwa neno. Nikamwambia mume wangu, Baba Aikande, wanasema nyumba inaweza kuuzwa. Hakunisikia. Alikuwa amekutana na mwanafunzi wake wa zamani, wanakumbushana nyimbo za kipaimara. Akaniambia, weka sahihi mama, twende." Akamgeukia yule dada. "Kwa hiyo mimi nilielewa. Ambaye hakuelewa ni Mwalimu."

Hapa ndipo mahali watu wa jumuiya wanapocheka. Siku ile hakucheka mtu, na ingekuwa nafuu wangecheka.

Nikamwomba msamaha pale pale, mbele ya foleni, kwa maneno matupu bila jani. Akasema, "Kaa chini kwanza, tuulize cha kufanya." Nikakaa. Nikaomba kalamu, ya bluu, nikaandika kila alichosema yule dada: marejesho yanaweza kupangwa upya, mnada unaweza kusimamishwa, lakini barua ya maombi lazima aisaini mwenye mkopo, wala si mimi. Na siku zilizobaki zilikuwa chache.

Anaeli alikuwa amejificha kwa rafiki yake njia ya kwenda Machame, simu imezimwa. Nikaenda kesho yake alfajiri, nikamkuta anapiga mswaki nje, akaniona, povu likamkauka mdomoni.

"Shikamoo baba mdogo. Mimi… isale si ulipokea?"

"Nilipokea, na sikurudishii. Nimekusamehe na nitazidi kukusamehe. Sasa vaa viatu."

Sikumtukana. Nilimwambia tu kwamba sitoki pale bila yeye, na nilikuwa nimebeba ndizi za kuchemsha za siku nzima. Kabla ya saa nne tulikuwa benki. Alisaini. Lile gari bovu tuliliuza kwa fundi, yeye akarudi mlimani kama mpagazi wa mizigo, kazi aliyokuwa ameapa ameiacha, nami nikaongeza sehemu ya pensheni yangu, lakini safari hii kwa maandishi kati yangu na yeye, na Mama Aikande akiwa shahidi aliyesoma kila mstari kwa sauti huku mimi nikisikiliza. Tangazo getini nililibandua mwenyewe kwa maji ya moto. Deni halijaisha. Kila mwisho wa mwezi tunakwenda watatu, Anaeli analipa, mimi na mke wangu tunaomba risiti, na tutaendelea kwenda mpaka siku ile hati itakaporudi mikononi mwetu, Mungu akitupa uzima, na akitupa au asipotupa, nimeshamwelekeza mtoto wetu Aikande ilipo faili.

Juzi kijana mmoja wa kwaya alikuja kwangu na fomu, amevaa vizuri, ananiita baba. Nilimpa kiti, nikampa maziwa, nikamwombea maombi marefu ya dhati kabisa. Hati sikumpa.