Mkao wa Maiti

Régine alikwenda kwenye yoga kwa ajili ya mgongo, si moyo. Moyo haukumwuma, na hilo ndilo lililomtisha. Mumewe Jérôme aliuawa njiani walipokuwa wakikimbia vita kutoka Pinga, na mpaka leo hajamtolea chozi. Matanga hayakuwekwa, kwani maiti yenyewe ilibaki kule. Hapa kambini Lushebere wanawake walishaanza kusema kwamba yule ana moyo wa jiwe, na ukuta ukiwa turubai maneno hayafichiki. Régine mwenyewe alikuwa karibu kuwaamini.

Mwalimu wao, Aurélie, binti wa Goma, alikuwa mpole, na kila mkao aliueleza maana yake. Mkao wa mlima: simama wima, uzito wote ugawanye kwenye nyayo mbili, ujifunze kutotikisika. Wanawake wa Masisi, nchi ya milima, kufundishwa mlima! Walicheka, lakini wakasimama. Mkao wa mtoto: piga magoti, jikunje, paji la uso liguse mkeka, misuli ya kiuno inyooke. Huo Régine aliupenda kweli, kwa kuwa kesho yake alipalilia maharage bila kujishika mgongo.

Siku moja Aurélie akaleta mkao wa kumalizia, mkao wa maiti.

"Sasa bamama, mulale sawa maiti. Mwili yote ipumuzike."

Joséphine-Marie, ambaye kambi nzima iliujua mdomo wake, akaokota kitenge chake. "Tulikimbia kifo mupaka hapa, na weye unatuambia tulale sawa maiti?"

Akatoka, wenzake nyuma yake. Wakasimama mlangoni pa banda la mazoezi, maana kwenda zao kabisa kungewanyima la kusimulia.

Régine alilala. Aurélie akamwelekeza taratibu: miguu iachane, mikono iwe kando, viganja vitazame juu. Akatii. Hakuhisi kitu, ila kiuno kikilegea.

"Hii haiko maiti, dada," akasema. "Maiti tunamunyooshaka, tunamufunga vidole ya miguu pamoja. Mwenye kulala hivi ni ule waliacha mu njia. Jérôme nilimuacha hivi hivi."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Aurélie, mwenye maelezo ya kila mkao, akasogea kando.

Joséphine-Marie akarudi ndani. Alipiga magoti, akaikutanisha miguu ya Régine, akachana ukingo wa kitenge chake na kuvifunga vidole gumba. Kisha akaiweka mikono ya Régine kifuani. Wengine nao wakaingia, wakakaa chini kumzunguka, kama watu wanavyokaa matangani, wakimngojea mjane aanze kulia.

Régine naye alingoja. Macho yalikuwa makavu vilevile.

"Mumulilie," akawaambia. "Miye nashindwa."

Nao wakamlilia Jérôme, mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona.