Mbao Zilizonifuata Kwenye Kiti

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Jua la Same likishapanda, sina neno nalo huko nje. Kwa hiyo kitanda cha mama kilipovunjika kule milimani, akaanza kulala chini na kiuno chake kibovu, nilifanya ninachokiweza: nilipiga simu nikiwa nimekaa.

Muuza mbao alikuja mpaka barazani na kipande cha mkulo, mti wa msitu wetu wa juu, unaonukia kama dawa ya kuchua.

"Bosi, huu mdudu haugusi. Sema ndiyo, kesho mzigo uko hapa. Hutasogeza hata kiti."

Kibali sikuuliza. Nilimwambia tu kwamba nitampelekea mama kipande kile aone rangi.

Mama hakuangalia rangi. Aliitikia marahaba, akakinusa, akakigeuza.

"Alama ya nyundo wanayogonga watu wa misitu kwenye mbao halali iko wapi?"

"Mama, hiki ni kipande tu."

"Na hizo mbao zenyewe umeziona?"

"Zitaletwa."

"Kutoka juu ya chemchemi yetu. Msitu ule haukatwi, mwanangu. Hizo ni za wizi."

Nilikuwa nimesahau naongea na nani. Mama ndiye anayegawa zamu za maji ya ndiva, bwawa letu la kukinga maji ya mlimani ili yamwagilie mashamba. Msimu ule lilikuwa halifiki hata nusu. Na siku za msaragambo, kijiji kizima kinapotoka na majembe kuzoa tope la ndiva, mimi huwa natuma salamu kwamba nina homa.

"Kuzoa tope huwezi," akasema. "Kutukatia maji unaweza, tena umekaa. Acha nilale chini."

Na kweli akalala chini, nikimwona. Niliposhuka mjini nikampigia yule muuzaji kwamba sitaki.

"Bosi, umeogopa serikali?"

"Nimemwogopa mama."

Ikabidi nitoke juani. Banda la kwanza la mbao, nilipouliza kibali, waliniambia karatasi zinafuata. La pili walicheka: "Mzee, unajenga kitanda au ofisi?" La tatu mwenye banda alitoa kibali cha kusafirishia bila kununa, akanionyesha alama ya nyundo kwenye ncha za mbao. Zilikuwa za mgrevilea, uliopandwa shambani. Sikuzipenda sana, hazinukii chochote. Nilizinunua, nikamwambia fundi zile ncha zenye alama asizikate wala asizipige randa.

Kitanda kilipofika mlimani, mama alichutama na kiuno kile kile, akachungulia chini ya ubavu mpaka akaiona alama. Ndipo akatandika.

Asubuhi nilimuuliza kiuno kimeamkaje.

"Kimeamka vizuri. Jembe lako liko nyuma ya mlango. Nimewatangazia watu msaragambo ni leo, maana nilijua utalala hapa."

Nikajishika paji la uso. Homa haikuwepo.