Mapanga ya Mzee Anselmo

"Kule usiende peke yako, mama Shukuru," Odeta alisema huku akipepeta mahindi. "Yule mzee anaongea na mapanga. Mimi wanangu siwatumi kwake hata kuomba moto. Analiuma panga kama mbwa na mfupa, analigonga, anafumba macho, anasubiri. Panga lisipoitika, mwenyewe harudi kutoka msituni."

"Nani kakwambia?" Dorice aliuliza.

"Kwani Sylvanus, yule mrina asali, alirudi? Mwaka juzi walileta panga tu, na lile pale linaning'inia kibandani kwa mzee mpaka leo. Halafu mwamkie uone, haitikii. Anasikiliza watu wengine huyo."

Dorice alicheka. Alimfunga mwanawe Shukuru mgongoni, akashika njia.

Angefanyaje? Keshokutwa Maiko, mume wake, alikuwa anaingia msituni na wenzake kurina asali, wiki tatu. Msimu uliopita panga la dukani lilimkunjikia mkononi akiwa juu ya mti, akashuka na nyuki mwili mzima. Safari hii alikuwa na neno moja tu: "Nataka la Anselmo. Nenda wewe ukachague, jicho lako halikosei." Yeye alikuwa bado anabandua magome ya mizinga.

Kila mtu hapa Katumba alimjua Anselmo. Aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto, mwaka ule wa kukimbia mauaji, na wanasema wenzake walibeba nguo, yeye alibeba nyundo ya baba yake. Mpaka leo anafua vyuma kwa nyundo ileile, juu ya kipande cha reli. Mkewe, Josefina, alishafariki. Mchana huwezi kumkuta kwa jirani, yuko kibandani tu.

Jua lilikuwa la saa nane, hakuna jani lililotikisika. Kabla hajakiona kibanda, Dorice alisikia mlio mwembamba, mrefu, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Shukuru, aliyekuwa analialia njia nzima, akanyamaza.

Mapanga saba yalining'inia kwenye waya. Hakukuwa na upepo, lakini moja lilikuwa linazunguka polepole. Chini yake mzee alikaa amewapa mgongo.

"Hodi! Shikamoo, babu."

Kimya.

"Shikamoo, babu!"

Mzee hakugeuka. Dorice akazunguka kwa mbele, akasimama ghafla. Anselmo alikuwa ameuma panga kwa meno, macho ameyafumba, msumari mkononi. Akaligonga. Mlio ule ukatoka, na mashavu ya mzee yakatetemeka nao.

Kivuli cha Dorice kilipomwangukia, aliruka. "Ee! Unanyata kama paka, mwanangu? Hata hodi?"

Dorice alimtazama. Nimeita mara mbili, aliwaza.

Dorice alipomweleza habari ya Maiko, mzee alichangamka. Akampangia vyuma chini kama mama anayepanga mafungu ya nyanya. Panga la dukani kwanza: "Jepesi, kwa majani sawa. Kwenye mti mkavu linapinda." Kisha sime ya Kisukuma, nyembamba, yenye ncha: "Hii ni ya kuchoma na kuchuna. Ukikatia gogo unaionea." Mwisho mapanga yake mawili ya springi ya lori, mazito mbele, mipini ya mti mgumu wa mkola. Akalitwanga gogo kavu kwa kila moja. La dukani liliruka likarudi. Ya springi yalizama, na moja likazama zaidi.

"Sasa sikiliza. Panga zima linalia. Lenye ufa linakohoa." Akaliuma lile lililozama zaidi, akagonga, akafumba macho. Akasubiri sana.

Dorice alisikia: *kho*. Kama chungu kilichopasuka.

"Zima," mzee alisema, akampa. "Mpelekee mumeo."

Dorice hakulipokea. Shukuru alikuwa amemng'ang'ania shingoni. "Babu, limekohoa."

Anselmo alimtazama mdomo, siyo macho. "Umesemaje?"

"Limekohoa!" Akachukua msumari, akalining'iniza lile la pili kwa kamba yake, akaligonga. Likalia mpaka mtoto akageuza kichwa. Akaligonga la kwanza. *Kho*.

Mzee hakuyatazama mapanga. Alitazama uso wa Dorice, mara ya kwanza, na mara ya pili. Kisha akachota majivu, akasugua chuma karibu na mpini. Ukajitokeza mstari mwembamba kama unywele.

Akaliweka panga lile magotini.

"Masikio yameniacha, miaka mitatu sasa," alisema. "Sikumwambia mtu. Nani atanunua panga kwa fundi kiziwi? Nikasikilizia meno, chuma kinaongea mpaka kwenye mfupa." Akafungua mdomo. Mbele yalibaki meno mawili, na aliligusa moja kwa ulimi likayumba. "Sasa na haya yananiaga."

Dorice alilichukua lile panga zima, akalikumbatia. La Maiko limepatikana. Angeweza kuondoka. Lakini mzee alikuwa ameinuka, anavuta waya, anateremsha lile lililokuwa linazunguka peke yake. Halikuwa na mpini. Alilibeba kwa mikono miwili, kama wanavyobeba mtoto mchanga aliyelala.

"Hili ni la Sylvanus. Walilikuta chini ya mti, mpini umechomoka, mwenyewe hayupo. Nililiuma mimi kabla hajaondoka, nikamwambia zima, nenda. Tangu siku ile naliuma kila asubuhi, haliniambii kitu."

Akamnyooshea msumari.

"Una masikio, mwanangu. Ligonge, uniambie. Tafadhali, usinihurumie."