Kitanda cha Fundi Marcel Kisicho na Msumari

Mara ya kwanza kufanya biashara na fundi Marcel, aliniambia nigeuke nitazame reli. Ilikuwa mwaka 1952, karakana yake ikiwa nyuma ya stesheni ya Shinyanga, nami nimesimama mbele ya kitanda cha mninga kisichoonekana msumari wala bolti. Nikageuka. Nikasikia kishindo kimoja cha kiganja kwenye mbao, kisha vingine vitatu. Aliponiruhusu kutazama, kitanda kilikuwa kimelala sakafuni, vipande vimepangwa kwenye gunia. Sikuwa mtu wa kushangaa hovyo, lakini pale nilisahau hata bei niliyokuja nayo mdomoni.

Mimi nilikuwa nauza magodoro ya pamba. Wateja wangu wengi walifanya kazi kwenye mgodi mmoja mdogo wa almasi upande wa Maganzo, ambao sasa umeshafungwa siku nyingi. Mkataba ukiisha, mtu anaondoka na vyombo vyake, na langoni kila kitu kinapekuliwa, isije ikatoka almasi. Ndiyo maana niliacha kuyashona magodoro. Upande mmoja nilifunga kwa kamba, askari afungue, aingize mkono, arudishe. Vitanda ndivyo vilivyosumbua. Chochote chenye tundu lisiloonekana ndani hakikutoka kizima.

Nikamwambia Marcel shida hiyo, na kwamba nataka vitanda vyake niviuze mimi peke yangu. Akacheka, akanieleza alikopitia. Yeye ni Msumbwa, na miaka ya arobaini alikuwa Geita akikata nguzo za kushikilia mashimo ya dhahabu. Aliporudi kwenye useremala alianza na bolti chakavu, akizizamisha ndani ya mti na kuziba tundu kwa kipande cha mbao. Zilishika sana, lakini zilipata kutu, na nati moja ikipotea njiani kitanda kimekufa. Tena kizibo kile, nikamwambia, ndicho askari wanachokitafuta. Akajaribu vigingi vya mti. Kiangazi cha kwetu kikavikausha, kitanda kikawa kinalia kila mtu akijigeuza.

Mwisho akakumbuka nguzo za Geita. Kule mbao zilikaa bila msumari, jabali lenyewe likizikaza kwa uzito wake. Basi akauchonga mwisho wa kila mfumbati, ule mti mrefu wa ubavuni, ukawa na ulimi uliopanuka nchani. Ulimi ule unaingia kwenye mlango mpana ndani ya tendegu, yaani mguu wa kitanda, unashuka, unanaswa penye wembamba. Kadiri mlalaji alivyo mzito, ndivyo kinavyokaza.

Haya yote aliniambia kwa mdomo tu. Kuona, hapana. Mnunuzi alifundishwa peke yake, mlango umefungwa, na aliapa kutokifungua mbele ya watu. Siri ile ndiyo iliyomlisha. Watu walikuja kutoka hadi Kishapu kwa sababu hapakuwa na mwingine. Tulivutana wiki nzima, nikapata haki ya kuuza peke yangu.

Mteja wa kwanza kuondoka mgodini na kitanda kile alikuwa Stanslaus, karani, kwao Chato. Siku hiyo mimi na Marcel tulikuwa langoni kuleta vitanda vingine vinne. Stanslaus alikumbuka kiapo chake, akawaomba askari wakakifungulie chumbani. Mkuu wa zamu akakataa. Kila kitu hufunguliwa uwanjani mbele za watu, alisema, asije akatokea wa kudai kapachikwa jiwe. Marcel akajitokeza, akaomba basi watu wageuke. Pembeni kulikuwa na mafundi watatu wakiuza vigoda, Maduhu wa Maganzo akiwa mbele kabisa, shingo imemtoka.

"Hapa hageuki mtu, fundi," mkuu wa zamu akasema. "Fungua, au naita msumeno."

Nikamvuta Marcel kando. "Acha wakate. Stanslaus nitampa kingine."

"Wakate wapi, Mama Paskalia?" akaniuliza. "Mahali pa kukata hapo hapapo."

Akainama. Alitelezesha ubao wa katikati ya chaga, akaupiga mfumbati kwa kiganja kutokea chini, ukanyanyuka kidogo na kutoka. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai, kitanda kizima kilikuwa mchangani. Askari alipitisha waya ndani ya matendegu, akachungulia, akamwita mwenzake naye achungulie. Nikasogea. Ndani ya mifereji ile ya kupitishia ndimi, mahali ambapo jicho halikutarajiwa kufika hata siku moja, mti ulikuwa umesuguliwa ukang'aa kuliko meza ya bwana shauri wa wilaya. Nilijua kabisa ninachopoteza.

Maduhu alikuwa amepiga magoti, anapima kwa vidole. "Leo nakuibia, ndugu yangu."

"Iba vizuri basi. Ulimi uchonge ufuate nyuzi za mti. Ukienda kinyume, mteja wako atalala chini."

Toka siku ile lango likakubali vitanda vya kufunguka hivyo tu. Msimu wa pamba uliofuata mafundi watano walikuwa wakivitengeneza, Maduhu kwa bei ya chini. Haki yangu ya kuuza peke yangu ikawa hewa, ila kila kitanda kilitaka godoro, na kwa magodoro hayo nilijenga nyumba ya bati, vyumba vitatu. Marcel alipoteza wateja wa mbali. Aliendelea na vitanda viwili kwa mwezi, vile vile, ndani amevisugua vile vile, kwa waliokuwa tayari kusubiri. Nilimwambia mara nyingi aache kusugua ndani, auze vingi. Hakunisikia.

Nyumba ilipokwisha nilimwagiza kimoja changu. Akataja bei, nikailipa. Ndicho kitu pekee nilichowahi kununua bila kuomba nipunguziwe.