Vidole Viwili vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na vidole viwili vilivyoshikana, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Utotoni alimwagikiwa mawese ya moto, wakamfunga kitambaa mkono mzima kama kifurushi, na walipokuja kufungua, vidole viwili vimekuwa kimoja. Kwa mkono huo alisonga ugali na kugeuza migebuka, samaki wetu wa ziwani. Kwa mkono huo huo alininyooshea vidole hivyo miaka kumi na minane. "Ingumba yetu hiyo," aliwaambia wageni pale Ujiji, maana yake mwanamke asiyezaa, na mimi nimebeba sinia la chakula chao.

Walioniharibia nawajua. Majina siyaandiki kwa sababu wana wajukuu, na wajukuu hawajanikosea. Lakini kazi zao nazitaja.

Wa kwanza ni mwenye zahanati ya vyumba viwili karibu na mwalo, pale boti za samaki zinapotia nanga, aliyejiita daktari. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mimba ya miezi mitatu imeharibika. Akanisafisha. Ndivyo tunavyosema, kusafishwa. Alikwangua kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria ya kuazima, ikitoboka si yake. Alipomaliza akaniambia, "Nimekusafisha vizuri sana, halijabaki hata tone." Mimi na darasa langu la nne nikamshukuru. Nikampelekea na samaki.

Tangu siku hiyo sikuona tena siku zangu. Nikajua ndiyo usafi wenyewe. Mashoga zangu walinionea wivu: mwenzetu wewe hufui vitambaa.

Wa pili ni huyo mama mkwe. Wa tatu ni marehemu mume wangu, ambaye miguu ya kunisindikiza hospitali hakuwa nayo, ila ya kwenda kuposa mke wa pili aliipata. Wa nne ni mimi niliyenyamaza.

Mke mwenzangu alizaa binti mmoja. Niliapa kumchukia yule mtoto. Nikashindwa mapema tu, kwa sababu alikataa kulala mgongo mwingine isipokuwa wangu. Mpaka leo ananiita mama mkubwa, na ameolewa Katubuka na fundi wa injini za boti.

Mwaka juzi mimba yake ya kwanza iliharibika, akasafishwa mahali, kliniki ya uchochoroni. Baada ya miezi mitano akanifuata Kibirizi ninapokausha samaki, uso unameremeta.

"Mama mkubwa, miezi mitano sijaona kitu. Nadhani nimenasa tena."

"Umepima?"

"Nimepima, kikaonyesha mstari mmoja. Labda kile kipimo kibovu."

Nikaacha kugeuza samaki. "Kila mwezi tumbo linakukata siku mbili tatu, kama linataka kutoa kitu likashindwa?"

Uso ukamzimika. "Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Maumivu yale nilikaa nayo mimi mwenyewe.

Mke mwenzangu alitaka tumpeleke Mwamgongo kwa mtu wa mizizi. Nikamwambia, "Hiyo nauli ya boti nipe nikanywe soda, itafanya kazi zaidi." Akanuna, lakini siku waliyotangaza kuwa madaktari bingwa wamekuja hospitali ya hapa mjini, yeye ndiye aliyewahi foleni alfajiri.

Daktari mwenyewe alikuwa binti wa Kasulu. Ningeweza kumzaa, kama ningezaa. "Mwakeye," akatusalimia kwa Kiha, kisha akaniamkia kwa Kiswahili, akamsikiliza mwanangu mpaka mwisho bila kutazama saa. Halafu akampitishia kizazini kamera nyembamba kama mrija wa soda, na akaniita nione kwenye skrini. Ndani palikuwa pameshonana. Nyuzi nyeupe huku na huku.

"Waliposafisha walikwangua mpaka utando unaoota kila mwezi," akasema. "Ukuta wa mbele ukabaki kidonda, wa nyuma kidonda. Vikagusana, vikapona pamoja."

Nikasema, "Kama vidole vya mama mkwe."

Ikabidi nimweleze: mawese, kitambaa, na kwamba hakuna aliyekumbuka kuweka kitu kati ya kidole na kidole. Akaacha kuandika.

"Mama, ni hivyo hivyo kabisa. Miaka yote nafundisha wanafunzi na sina mfano huo. Naomba nikuibie."

Chukua, nikamwambia. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa nanyooshewa jibu usoni, mimi naona matusi tu.

Alichofanya yule binti sitakisahau. Alikata zile nyuzi moja moja, taratibu, kama anayetoa mwiba kwenye jicho. Kisha akaweka kipira kidogo kati ya kuta, kikae siku kadhaa zisishikane tena. Nikamwambia mke mwenzangu, kitambaa cha kati ya vidole hicho, kimekuja sasa. Siku za kukitoa zilipofika akachukua damu kwenye mkono wa mwanangu mwenyewe, akaizungusha kwenye mashine mpaka ikajitenga, nyekundu chini na ya manjano juu, kama mawese yanavyojitenga na maji chunguni. Akavuta ile ya manjano, akairudisha ndani ya kizazi.

"Dawa gani umechanganya humo?" nikauliza.

"Hamna dawa, mama. Damu yake ina vitu vinavyouita mwili ujitengeneze. Wenzetu kwingine wanatoa chembe changa kwenye uboho wa mifupa ya mgonjwa, wanazipeleka zikaoteshe utando upya. Yote bado yanachunguzwa. Kwa wengine unaota, kwa wengine unagoma. Mtoto siwaahidi. Kwanza tuone damu."

Hapo ndipo nilipompenda. Yule wa mwaloni alijua kila kitu. Huyu, pamoja na kusoma kote huko, aliweza kusema hajui.

Nikajikaza. "Na mimi, daktari?"

Akaweka kalamu chini, akaniuliza umri, na ilikuwa lini. "Ungekuja ukiwa na miaka ishirini na tano tungejaribu. Sasa umri umepita, mama. Pole sana."

"Na wewe ungekuwa wapi?"

"Wakati huo nilikuwa nanyonya."

Tukacheka wote wawili. Mimi nikaacha kucheka kwanza. Akanishika mkono na hakuuachia haraka, na foleni nje imefika getini.

Tukabaki tunasubiri. Mwanangu anameza vidonge alivyoandikiwa, na mama mkwe wake naye ameshaanza kuuliza uliza kuna habari gani. Sikumwacha amalize. Nilikwenda kwake na kilo ya dagaa, nikakaa, nikamsimulia habari za vidole tangu mwanzo. Hajauliza tena.

Vidonge viliisha Jumatatu. Ijumaa niko Kibirizi, moshi umenijaa machoni, simu ikaita.

"Mama mkubwa, nimechafuka."

"Sana?"

"Kidogo. Lakini imetoka yenyewe."

Nikakaa juu ya ndoo. Mimi nilisafishwa nikashukuru, na ule usafi umenila maisha. Mwanangu amechafuka, na sijawahi kusikia neno zuri kama hilo. Mimba haijaingia mpaka naandika haya, na inaweza isiingie, daktari alishasema. Lakini ndani mle pameota kitu mahali palipokuwa pamekufa, na kimeota kwa damu yake mwenyewe.

Nikavuka barabara mpaka dukani, nikaomba pedi. Muuza duka tumezoeana. Akanitazama na mvi zangu, akatabasamu.

"Za nani tena, mama? Si wewe ulishastaafu?"

"Za mwanangu," nikamwambia.

Samaki wote upande mmoja niliwakuta wameungua.