Selestini Alivyoridhika

Selestini Mhongole wa Kihesa alikuwa mpakiaji wa mbao mpaka alipodondoka kutoka juu ya lori na kuumia uti wa mgongo. Huu ni mwaka wa sita. Kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii kitu. Lakini mikono anayo. Mafundi walimletea misumeno, naye aliinoa barazani, kwenye kitimwendo chake, kutwa nzima. Akikaa, anakula. Asipokaa, hali.

Kila mwezi mkewe, Leokadia, alimsukuma kilima kizima kwenda kliniki. Huko kuna kitanda cha kupimia kilichoinuka juu ajabu, cha kupandwa na wenye miguu yao. Selestini alihitaji watu wawili wa kumnyanyua, na hao watu wawili hawakupatikana hata siku moja. Basi nesi Severina, mama mwenye maneno matamu, alimpima presha palepale kitini, akampa mpira mpya wa mkojo, akaandika: hali nzuri. Hali gani hiyo, wakati miaka yote hakuna mtaalamu aliyemtazama makalio?

Mwezi wa tatu Leokadia aliona kidonda pale anapokalia, ukubwa wa kizibo cha soda.

“Leo useme, Baba Yunisi,” alimwambia njiani. “Wakulaze, wakione.”

Alikusudia kusema, kweli kabisa. Kumbe siku hiyo alikuja binti wa utafiti, Naima, kuwauliza wagonjwa kama wanaridhika na huduma. Severina alisimama pembeni, anatabasamu. Na Selestini kalelewa hivi: aliyekuhudumia humsemi mbele yake. Unashukuru, mengine unameza.

“Kitanda cha kupimia unakifikia, baba?”

“Tunashukuru.”

“Kwa hiyo umeridhika?”

“Saana, mwanangu. Sista anatujali.”

Leokadia alimkanyaga mguu kwa nguvu zote. Kwa hasira alisahau kwamba mguu ule hausikii. Naima akaandika, akaaga. Kidonda hakikutajwa tena, maana angeanzaje kulalamika dakika mbili baada ya kusifia? Hata miezi iliyofuata alimkataza Leokadia kumsemea. Adabu gani hii jamani, inayomwozesha mtu akiwa hai!

Mwezi wa sita homa ilimwangusha, wakampeleka hospitali Mbeya. Huko watu wanne walimnyanyua, wakamlaza kifudifudi, wakamfungua nguo. Chumba kizima kilinuka. Kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa.

Daktari alisema bila kuzunguka: mfupa umeoza, atalala hivyohivyo miezi mingi, na kukaa kitini asahau.

Selestini aliwaza misumeno iliyoachwa barazani, mingine ya watu.

“Mzee, ulikuwa unahudhuria kliniki kila mwezi,” daktari alisema. “Kwa nini hukusema?”

Leokadia alimtazama mumewe, akisubiri. Walau leo aseme. Selestini alifungua mdomo, uso umezama kwenye mto.

“Tunashukuru, daktari,” alisema.

Leokadia akatoka nje kulia.